Daktari Aliyeharakisha Kodi

Ukimuuliza mtu yeyote wa Kasulu aliyemfahamu Daktari, atakuambia kwanza kuhusu mwendo wake. Alitembea kama mtu anayepima shamba. Kutoka kijiwe cha bodaboda hadi mlango wa duka langu ni hatua chache tu, lakini yeye zilimchukua nusu ya asubuhi, kwa sababu alimsalimia kila mtu, na salamu zake hazikuwa hizi za "mambo" na "poa" ambazo vijana wanazitoa redioni. Alianza na "Mwakeye" ya Kiha, akaja kwa mama yako, akaenda kwa mihogo, akapita kwa yule mtoto aliyekuwa na surua, akamalizia kwa ng'ombe. Kama huna ng'ombe, aliuliza kwa nini.

Akipanda bodaboda kutoka kwao Heru Juu, dereva alitakiwa aende taratibu. Akizidisha kidogo, aligongwa begani. Vijana wa kijiweni walipomwona anakuja wote waliinama kukagua matairi.

Na huyo ndiye mtu ambaye kazi yake, aliyoisomea ughaibuni mpaka akapata udaktari, ilikuwa kuzifanya kompyuta kubwa kuliko zote duniani zimalize kazi mapema.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi mjini: saruji, mabati, misumari, rangi. Nyuma ya duka nina chumba ambacho zamani niliwekea ndoo za rangi. Kwa kuwa nauza pia sola, paa langu lilijaa sola, na kwa kuwa wanangu hawawezi kuishi bila intaneti, nilivuta waya. Daktari alikuja siku moja akasimama katikati ya duka, akatazama juu kwenye dari, akafuata waya kwa macho mpaka unapoingilia, ndipo akasalimia. Mama yake alikuwa amepatwa na kiharusi. Alitibiwa hospitali ya Kabanga, akaruhusiwa, akarudishwa nyumbani Heru Juu akiwa upande mmoja haufanyi kazi, na hakuna wa kukaa naye ila binti huyu. Waajiri wake wa ughaibuni walimkubalia afanyie kazi huku kwa mkataba mmoja, wakisema watautazama tena kulingana na matokeo. Huko Heru Juu mtandao ulikuja na kuondoka utakavyo. Kwa hiyo asubuhi alimwogesha mama, akamlisha, akamwacha na jirani, akateremka mjini kwenye chumba changu cha rangi.

"Baba Mwajuma," aliniambia, "mimi sina vurugu. Nataka umeme na kimya."

Kimya hakukipata, maana chumba kile kinapakana na mahali tunapokatia nondo. Umeme alipata.

Nilimuuliza anafanya kazi gani hasa, nijue namweka nani ndani ya nyumba yangu. Alinieleza vizuri, nami nikaelewa kwa kiasi cha mtu wa mabati. Kuna wataalamu wanaorusha vitu vidogo mno, wanaviita chembe, vidogo kuliko vumbi la vumbi, ili vigongane, kisha watazame vinavyotawanyika. Kabla ya kuvigonganisha kweli wanaigiza kwanza mgongano huo kwenye kompyuta, mara nyingi sana, ili wajue watarajie nini. Programu inayofanya maigizo hayo iliandikwa zamani, wakati kompyuta ilikuwa na ubongo mmoja. Sasa wametengeneza kompyuta ambazo ndani ya kipande kimoja kuna viini vingi, kila kiini ni kama ubongo mdogo, na vyote vingeweza kufanya kazi kwa pamoja. Lakini ile programu ya zamani haijui kugawa kazi. Kiini kimoja kinatoka jasho, vingine vimekaa.

"Kama ofisi," nikasema.

"Kama ofisi," akakubali, bila kucheka.

Kosa alilofanya ni la lugha. Watu wa kazi yake wakiandika programu husema wanaandika "kodi". Mtu alipomuuliza dukani pale, "Daktari, hasa unafanya nini humo ndani?" alijibu kwa ukweli wake wote, "Naharakisha kodi."

Habari hiyo ilifika sokoni kabla ya yule mtu kumaliza kulipia misumari. Mchana huo nusu ya maduka ya barabara yetu yalifungwa. Mwenye duka la vitenge aliugua ghafla. Rafiki yangu wa miaka yote, muuza simu, alinijia na uso uliokunjamana: "Kweli, Baba Mwajuma? Umewapa watu wa mapato chumba? Na mtambo juu ya paa?" Nilijaribu kumweleza kuhusu viini. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Viini. Sasa wanaita viini." Ilichukua muda mrefu kabla mfanyabiashara yeyote hajakubali kupita karibu na dirisha lile, na mpaka leo wapo wanaoamini kwamba mashine zao za risiti ziliharibiwa kutoka humo.

Wakati wafanyabiashara wanamkimbia, wagonjwa walimfuata. Neno daktari kwetu lina maana moja. Walikaa kwenye mifuko yangu ya saruji na watoto wao na vifua vyao. Aliwaambia yeye si daktari wa watu. Wakamwuliza basi ni wa mifugo? Mzee mmoja kutoka Nyakitonto alikuja na mbuzi. Daktari alimtazama mbuzi kwa uangalifu mkubwa, akamuuliza mzee maswali ya maana, hajala tangu lini, amekunywa, amelala upande gani, kisha akamwambia aende kwa bwana mifugo. Mzee aliondoka anasifu kwamba hajawahi kumpeleka mbuzi wake kwa mtaalamu makini kiasi kile. Kila aliyekuja na ugonjwa wa kweli alimwandikia kwa mkono wake kipande cha karatasi cha kuelekeza njia ya Kabanga, kama vile kuna mtu wa Kasulu asiyeijua njia ya Kabanga.

Alikuwa na swali moja alilolipenda kuliko maneno yote: "Nani anamsubiri nani?" Akikuta watu wamejaa mahali, benki, zahanati, kwenye bomba la maji, alisimama pembeni akiwatazama, kisha akauliza hivyo kwa sauti. Benki walimwona kama mchochezi. Kwangu alilitumia mpaka mke wangu naye akaanza kuniuliza wakati wa chakula.

Kwa mashine hakuwa na subira hata chembe. Programu ikichelewa kidogo alipiga meza, akaongea Kiha kizito ambacho mimi mtu wa Ujiji nilishukuru kutokielewa. Kwa binadamu alikuwa na subira iliyochosha binadamu wenyewe. Alipika maharage yakaungua kila mara, kwa sababu aliyaacha jikoni akaenda kumsikiliza jirani. Jumapili alikwenda kanisani akasinzia tangu somo la kwanza, na akiamka alijua mahubiri yote yalisema nini.

Basi ikafika siku alitoka chumbani akicheka peke yake. Aliniambia ile programu sasa inamaliza kazi kwa robo ya muda wa zamani. Waajiri wake walikuwa wameiweka kwenye kompyuta yao kubwa, wakamwandikia maneno ya sifa, wakasema kwa matokeo hayo mkataba hauna shida. Nilimwagizia soda. Alikunywa ya moto kama kawaida yake, ya baridi ilimuumiza jino. Kwa furaha yake akaanza kunirekebisha na mimi.

"Baba Mwajuma, hapa kwako nani anamsubiri nani?"

Nikamjibu hakuna. Akanionyesha. Wasaidizi wangu wawili, Tatu na Ezekieli, walikuwa wamesimama na wateja, na wateja wanangoja, na wote wananitazama mimi, kwa kuwa ufunguo wa stoo unakaa mfukoni mwangu na hakuna kinachouzwa bila mimi kuinuka.

"Toa ufunguo," akasema. "Waache wauze. Wewe ndiye kufuli."

Niliona amenitukana, lakini kwa kuwa ni msomi, nilitoa. Na kweli duka lilikimbia. Watu waliingia na kutoka. Nilikaa kwenye kiti nikajiona bosi wa Dar es Salaam.

Sifa zile za kutoka ughaibuni hazikukaa chumbani. Binamu yake aliyezisikia alimwambia mtangazaji, mtangazaji akazisema redioni, na redioni alisikia Afisa. Afisa huyu alikuwa wa ofisi ambayo sitaitaja, amehamishiwa kwetu kutoka mbali, na tangu afike alikuwa akitafuta jambo la kuzindua. Alikuja dukani na wasaidizi na mpiga picha.

"Kimsingi," alisema, "niseme tu kwamba wilaya imefarijika. Hiyo kompyuta yako ya kasi tungependa ionekane."

"Kompyuta si yangu," Daktari akamwambia. "Iko ughaibuni. Mimi nimeandika upya sehemu ya programu."

"Sawa sawa. Hiyo sehemu tutaiweka wapi siku ya hafla? Kwenye meza au ibebwe?"

Tarehe ikapangwa. Kamati ikaundwa, na chini yake kamati ya chakula, kamati ya mapambo na kamati ya kuratibu kamati. Mimi niliwekwa kwenye mapambo kwa sababu nina rangi. Daktari aliitwa kila kikao na hakuna kikao alichoulizwa neno.

Siku chache kabla ya hafla, nikiwa kwenye kiti changu cha ubosi, ziliingia bajaji mbili za mizigo kwa pamoja. Moja ilileta katekista na watu wa kigango, nyingine imamu na watu wa msikiti. Wote walikuja kuchukua mabati yao. Stoo kulikuwa na rundo moja. Tatu alikuwa ameingia stoo, akaliona rundo, akawauzia msikiti. Ezekieli, dakika hiyo hiyo, alikuwa ameingia kwa mlango wa pili, akaliona rundo lile lile, akawauzia kigango. Kila mmoja alifanya kazi yake bila kosa. Katekista na imamu ni marafiki, wanacheza bao pamoja, lakini siku hiyo walishika bati moja huku na huku, na kila mmoja akawa anamwachia mwenzake kwa maneno na analivuta kwa mikono.

Daktari alitoka aliposikia kelele. Alisimama mlangoni, akamuuliza Tatu, akamuuliza Ezekieli, akarudi ndani akafunga. Mimi nikachukua ufunguo wangu, nikaagiza mabati mengine Kigoma, nikawaomba radhi watu wa Mungu wa pande zote mbili. Jioni ile alipotoka kwenda kwa mama yake hakumsalimia mtu. Barabara nzima iliona.

Asubuhi ya pili aliniita chumbani. Alikuwa hajavua sweta, macho yamevimba.

"Baba Mwajuma, mabati yako mimi pia ninayo."

Akanieleza. Kila kiini kikishamaliza kuhesabu chembe zake, kinakwenda kuziongeza kwenye jumla moja ya wote. Zamani palikuwa na kufuli hapo: kimoja kinaingia, kinaongeza, kinatoka, kinaingia kingine. Ili kuharakisha, yeye alikuwa ameliondoa kufuli mahali pamoja, akiamini viini haviwezi kukutana pale. Vinakutana. Mara chache sana, lakini viwili vikifika pamoja, vyote vinasoma jumla ile ile, kila kimoja kinaongeza chake na kuandika, na cha mwenzake kinapotea. Alikuwa ameiacha kompyuta ikiendesha kazi ile ile tena na tena usiku kucha, na jumla hazikulingana.

"Zinatofautiana sana?"

"Kidogo mno. Hakuna ambaye angeona."

Nilikuwa nafikiria hafla, na ile rangi niliyokwisha kuchora kwenye bango. Nadhani yeye alikuwa anamfikiria mama yake. Robo ile ya muda ndiyo iliyokuwa imeushika mkataba, na mkataba ndio uliomwezesha kukaa Heru Juu akimgeuza mgonjwa kitandani. Aliweka mikono kwenye meza, akaitazama.

"Ungesubiri hafla ipite," nikasema. Nilisema hivyo, sifichi.

"Wanaitumia sasa hivi," akajibu. "Kila saa wanazidi kuitumia." Akageuka akaandika. Alipomaliza kutuma aliniomba nimwitie bodaboda, na kwa mara ya kwanza alimwambia dereva akimbie.

Hafla ikaja. Viti vya plastiki, turubai, kwaya ya sekondari yenye sare mpya, na bango langu: DAKTARI WETU, KASI YETU. Kilichotakiwa kuanza asubuhi kilianza alasiri, mgeni rasmi alipofika. Alisoma hotuba aliyoandikiwa. Alisema Daktari amevumbua mashine inayogonganisha kodi, akasahihishwa, akasema hilo nalo ni jema. Akamwomba, kwa kuwa ana kipaji cha kasi, asiisahau barabara yetu ya lami.

Kisha Daktari akapewa kipaza sauti. Alianza na salamu, ndefu kama kawaida, mpaka mama zetu wa mbele wakafurahi. Halafu akasema, kwa Kiswahili chepesi kabisa:

"Ile kazi mliyokuja kuisifu ina kosa. Jumla zinapotea. Nimeshawaandikia wenye kazi wasiitumie. Nimekosea mimi."

Mshereheshaji, kijana mwenye koti linalong'aa, alikuwa wa kwanza kuzinduka.

"Mmeona unyenyekevu, ndugu zangu? Mmeuona? Makofi!"

Makofi yakapigwa.

"Sijanyenyekea," Daktari akasema. "Nawaambia imekosewa."

"Wasomi wa kweli ndivyo walivyo! Makofi ya kilo!"

Vigelegele. Wamama waliinuka kucheza. Daktari alijaribu tena, "Jamani, nisikilizeni," na kwaya ikadhani ndiyo ishara yao. Waliimba wimbo wenye beti nyingi ambamo jina la Afisa lilitajwa kuliko la mwenye sherehe. Alipewa cheti kilichomwita Daktari Bingwa wa Kompyuta, na beberu. Alisimama pale jukwaani ameshika kamba ya beberu, machozi yanamtoka, na mpiga picha akamwambia asogee kidogo kwenye mwanga. Jioni redio ilisema mtaalamu wetu amekiri kwamba bado hajafika anapotaka kufika.

Watu wa ughaibuni walisikia vizuri zaidi. Bosi wake alimpigia kwenye kompyuta mchana mmoja, nami nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikipanga rangi ambazo hazikuhitaji kupangwa. Alipotoka nilimuuliza amesemaje.

"Ameniuliza kama tofauti inaonekana."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mimi nimeiona."

Alirekebisha programu. Ilibaki na kasi kuliko ya zamani, ila si kasi ile waliyokwisha kuitangaza huko kwao, na nadhani huko nako kulikuwa na kamati. Wakamwambia mkataba utaendelea iwapo atakwenda kukaa nao, wamsimamie kwa karibu. Alimtazama mama yake akasema hapana. Afisa alipopata habari aliiteremsha ofisini picha ya Daktari na beberu, akaitundika ya mkulima aliyevuna muhogo mrefu kuliko mtoto. Wafanyabiashara wa barabara yetu walifurahi waziwazi. Muuza simu alinishika mkono kwa heshima: "Pole kwa mpangaji. Lakini kodi imepumua."

Daktari alipata kazi ya kufundisha hesabu Kibondo. Alimchukua mama yake, beberu akampelekea yule mzee wa Nyakitonto, akaniachia chumba kimefagiliwa. Nikarudisha ndoo za rangi.

Ilipita miaka kadhaa kabla sijamwona tena. Nilikwenda Kibondo kumwona mteja, nikamkuta sokoni anachagua dagaa. Mvi zilikuwa zimeingia. Alinisalimia kwa utaratibu wake wote, wakati muuza dagaa ameshika mfuko wazi, kisha akanilazimisha niende kwake kula. Njiani nilimuuliza kama ameachana kabisa na mambo ya chembe.

Akasema programu ile alipewa mtu mwingine baada yake. Wameiweka wazi, yeyote anaweza kuisoma, naye huisoma akishasahihisha madaftari. Yule mtu ameifikisha kwenye kasi kubwa kuliko ile iliyomwangusha yeye. Na juma hilo, akiisoma, ameona mahali ambapo ana wasiwasi napo.

"Wanakulipa kwa hilo?"

"Hapana."

"Wamekuomba?"

"Hapana."

"Sasa, Daktari?"

Alisimama barabarani akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Sasa nini? Kama ni kosa, ni kosa."

Mama yake alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti chenye mito. Mkono mmoja umelala, lakini ulimi umerudi, na uso umenona. Daktari alisonga ugali wa muhogo, akaunga dagaa, safari hii havikuungua, akatutengea. Akasema anaingia ndani mara moja tu atazame kitu. Tulinawa. Tulingoja. Kupitia mlangoni nilimwona ameinamia kompyuta yake, kidole mdomoni, mabega yamepanda.

"Anakuja?" mama yake aliniuliza kwa Kiha, na hilo nililielewa.

Nilimwita. Akajibu, "Nakuja." Hakuja. Yule bibi alimega tonge kwa mkono wake mzima, akaniambia kwa Kiswahili cha taratibu nile, tutamwachia chake. Tulikula kidogo. Kisha akauliza, akielekeza kidevu mlangoni:

"Hivyo vitu anavyovitafuta, siku wakivipata, na huku kwetu vitafika?"

Nikamwambia sijui, mama.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la kutosha, akanisogezea sahani ya dagaa.